Ngoma ya Mbele, Ishiara na Maua

Mwalimu Mbaabu aliponiuliza kama ningekubali kutunza ngozi za ngoma mwaka ule wa pili, nilipaswa kusema hapana. Alinipa nafasi ya kukataa. Nilijua nilichokuwa nacho moyoni, na bado nikamjibu, "Ndiyo, Mwalimu."

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu. Juzi aliniletea simu yake, akanionyesha bendi ya shule yao ikipiga ngoma uwanjani, kwanza ya mwaka jana, kisha ya mwaka huu, akataka nimwambie ni lini walipiga vizuri zaidi. Ngoma za siku hizi zina ngozi ya plastiki. Hazijui baridi wala jua. Nilimwambia zote nzuri. Lakini sauti zile zilibaki masikioni mwangu, kwa sababu mimi pia nina miaka miwili ya kulinganisha, na kwa muda mrefu nililinganisha vibaya.

Shule yetu ya msingi ilikuwa juu ya Maua, kwenye miteremko ya Nyambene, ambako mwezi wa Julai ukungu hushuka alfajiri na hauondoki mpaka saa tano. Tulikuwa na kikosi cha ngoma cha wavulana kumi na wawili. Ngoma zilikuwa za mbao, zimewambwa ngozi ya mbuzi, na moja iliitwa ngoma ya mbele. Aliyeipiga alitembea peke yake mbele ya safu mbili, na pigo lake ndilo lililowaambia wengine waanze, wageuke, wasimame. Mwaka wa kwanza ilikuwa yangu.

Mwaka huo maonyesho ya shule za Meru na Embu yalifanyika Ishiara, chini kabisa kwenye joto. Nakumbuka vumbi jekundu likipanda kwenye soksi zetu nyeupe. Nilipopiga pigo la kwanza, ngoma ilitoa sauti kali kama ubao unaopasuka, na watu waliokuwa wakinunua embe nje ya uwanja wakageuza shingo. Onyesho lenyewe halikuwa na ufundi mwingi. Tuliingia kwa safu mbili, tukapishana katikati, tukarudi, tukasimama. Tukawa wa kwanza. Mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni, mtu aliyependa bendi kuliko mahubiri, alinishika bega, akamwambia Mwalimu Mbaabu kwamba mwaka ujao angekuja tena, na kijana ambaye angeongoza vizuri angemchukua asome kwake bila karo. Nilirudi nyumbani nikijua kijana huyo ni mimi. Mama hakunituma kuni wiki nzima.

Januari akaja Ireri. Baba yake alikuwa fundi wa mawe kutoka Ishiara, ameitwa kujenga kanisa letu. Kimbeere chake kilituchekesha, basi tukaongea naye Kiswahili cha darasani, kile cha kuungaunga. Alipewa nafasi kwenye dawati langu. Siku ya tatu alileta asali ya kwao ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, tukailamba kwa zamu mpaka kengele ikalia, na tangu siku hiyo tukawa hatuachani. Vidole vyake havikutulia. Alipiga dawati, alipiga debe la maji, alipiga mgongo wangu tukitoka shule, na miguu yangu ikafuata bila kupenda.

Mara ya kwanza alipotuona tukizungusha ngoma karibu na moto alisimama akashangaa.

"Mnampikia nani?" akauliza.

"Ngozi ikipata ukungu inalegea," nikamwambia. "Kwani kwenu hamziotishi moto?"

"Kwetu zinaota jua. Sisi tunazitafutia kivuli."

"Kwenu hata kuku hutaga mayai yaliyochemka," mmoja wetu akasema, na Ireri akacheka kutuzidi sote.

Kisha akaomba kupiga. Sitasema uongo katika umri huu. Nilijua kabla hajamaliza kwamba sijawahi kupiga hivyo na sitawahi. Mimi nilipiga kama mtu anayehesabu. Yeye alipiga kama anayeongea, anauliza jambo, anangoja, halafu anajijibu mwenyewe. Mwalimu Mbaabu aliweka chaki chini. Kufikia Mei ngoma ya mbele ilikuwa mikononi mwa Ireri, na onyesho zima lilikuwa limebadilika kwa mawazo yake. Kikosi kingeingia kimya, bila pigo hata moja, watu wasikie miguu tu. Katikati ya uwanja Ireri angeuliza kwa ngoma yake, na wengine wangemjibu mmoja mmoja, safu zikikunjuka kuwa duara. Nilipoliona mazoezini nywele zilinisimama. Nililichukia kwa sababu hiyo hiyo.

Hapo ndipo Mwalimu aliponiita nyuma ya stoo.

"Mutuma, wewe ndiwe unayezijua ngozi kuliko wote. Nataka uzitunze wewe. Lakini kama moyo wako haujatulia, niambie sasa nimpe mwingine. Sitakasirika."

Nilikubali ili watu wasiseme nina wivu. Nilikuwa nao mpaka nyoyota, chakula cha mama nilichokipenda, ikakosa ladha mdomoni. Nilimwonea wivu Ireri kwa vidole vyake, kwa namna alivyocheka akichekwa, hata kwa baba yake aliyekuja mazoezini na nyundo mkononi, akasimama kando akitikisa kichwa taratibu. Baba yangu hakuwahi kuja. Na usiku nilimwona yule mkuu wa shule akishika bega ambalo si langu.

Maonyesho ya mwaka huo yalifanyika kwetu, Maua. Tuliamka tukakuta ukungu mzito kiasi kwamba milingoti ya goli haikuonekana. Niliwasha moto wa mabua nyuma ya uwanja. Kazi ile ina kipimo chake: unaizungusha ngoma mbali kidogo na moto, unaigusa kwa kidole, unasikiliza, na ikishaitika unaifunika gunia kavu mpaka dakika ya mwisho. Nilizifanyia hivyo ngoma kumi na moja. Ya mbele niliitoa motoni kabla ya wakati wake, nikailaza kifudifudi, ngozi ikigusa nyasi zenye umande. Kwa kutazama halikuwa jambo kubwa. Mtu yeyote angeweza kusema nimesahau.

Kikosi kikishajipanga kungojea zamu, wapigaji walikatazwa kugonga ngoma, kwa hiyo Ireri hakuweza kuijaribu yake. Nilimvalisha Ireri mkanda wake.

"Iko tayari?" akaninong'oneza.

"Iko tayari."

Waliingia kimya. Umati wote ulinyamaza, na miguu ile kwenye nyasi ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote tulichofanya Ishiara. Ireri akafika katikati, akainua vijiti, akauliza swali lake. Ngoma ikasema bu, kama gunia la viazi lililopigwa. Akarudia. Bu. Wa nyuma hawakusikia kitu. Mmoja alijibu mapema, mwingine akageuka upande usio wake, wawili wakagongana, na watu wakaanza kucheka. Ireri aliacha ngozi, akapiga ubao wa ukingoni, kwa ubao tu akawakusanya mmoja mmoja mpaka duara likafunga. Lakini kicheko kilikuwa kimeshawashinda. Tulikuwa wa mwisho.

"Nani alikuwa na moto?" Mwalimu Mbaabu aliuliza tulipojipanga nyuma ya jukwaa, akinitazama mimi.

"Mwalimu, ni mimi," Ireri akasema. "Mimi niliitoa mapema. Niliogopa ipasuke."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Sikufungua mdomo. Jioni ile mkuu wa shule ya bweni alimwambia Mwalimu kwamba yule wa mwaka uliopita alikuwa na mkono wa kutegemewa, na Januari nikaenda kwake na sanduku jipya. Kanisa lilikwisha kujengwa. Ireri na baba yake walirudi Ishiara, na nikasikia anachunga mbuzi wa mjomba wake.

Miaka mingi nilijiambia kwamba hata bila umande mimi ndiye niliyekuwa bora, kwa kuwa mwaka wangu tulishinda. Nilistaafu nikiwa bado naamini hivyo. Kisha nikaenda Ishiara kwa arusi, na nje ya kanisa mtoto mdogo, hajaota hata meno ya mbele, alikuwa akichezea ngoma iliyoachwa juani. Aliigonga kwa kiganja. Ilitoa sauti ile ile kali kama ubao unaopasuka, sauti niliyoibeba maisha yangu yote nikidhani ni ya mikono yangu. Lilikuwa jua la Ishiara. Lingempigia mtu yeyote.

Siku hiyo hiyo niliuliza kwa Ireri nikaonyeshwa. Nilimkuta akirekebisha mzinga wa nyuki, mzee kama mimi, na vidole vyake bado havitulii. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Niliona," akasema. "Niliona ukiilaza kwenye nyasi. Nikafikiri ndivyo mnavyofanya huko juu kwenu."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilielewa."

"Mbona hukumwambia Mwalimu?"

"Nilingoja useme wewe, Mutuma. Nilingoja mpaka shule ikafungwa. Halafu tukahama."

Alinipa chai na asali. Aliniuliza habari za watoto, akanisindikiza mpaka barabarani, akanipa mkono. Hakuniambia nirudi, nami sijarudi.

Kwa kukubali kutunza ngozi zile nilimnyima Ireri shule, akaishi maisha yake yote bila kurudi darasani. Mimi nilimpoteza yeye, rafiki pekee aliyekuwa tayari kubeba kosa langu, na katika miaka yote hii sijapata mwingine.