Jaji na Vyuo Viwili

Tangu darasa la tatu walimwita Jaji. Mtu akimsemesha, aliinamisha kichwa, akakaza macho, akakawia kujibu, kama hakimu anayesikiliza kesi ya kuku walioibwa. Watu walicheka, jina likamganda. Kumbe surua ya utotoni ilimwondolea usikivu wa sikio la kushoto, naye alikuwa akilisogeza la kulia tu. Nyumbani walilijua hilo, lakini jambo likizoeleka husahaulika.

Baba yake alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa na viti viwili na benchi ambalo halikukosa watu, wengine hata nywele za kunyoa hawana. Jaji alipokubaliwa chuo kikuu cha jijini kusomea maabara ya tiba, benchi lilijua kabla ya mama mtu. "Binti anakwenda kuvaa joho," baba alisema, mashine ikinguruma kisogoni mwa mteja. Kwamba binti alikubaliwa pia na chuo cha afya katika mji mdogo wa jirani, kozi ileile lakini ya stashahada, hakulitaja. Mwenye gari hatangazi baiskeli yake.

Shangazi yake, mshona mapazia aliyeishi jijini, akamwita aje aone mapema. Akampeleka chuoni mwenyewe, amevaa viatu vya sherehe, akimwonyesha majengo utadhani ndiye aliyeyajenga. Mwanafunzi mmoja, mpangaji mwenzake shangazi, akawaingiza kwenye mhadhara. Ukumbi ulikuwa kama uwanja wa mpira ulioezekwa. Viti vya mbele vilishawahiwa, wao wakapata juu kabisa, nyuma. Mhadhiri kule chini alionekana kama njiti ya kiberiti. Kipaza sauti kilikoroma, maneno yakagonga kuta na kurudi vipande vipande, na jirani wa kulia alikuwa anatafuna njugu. Jaji alitega sikio mpaka shingo ikauma, hakuambulia kitu. Watu walipocheka, naye akacheka.

Walipotoka, shangazi akauliza, "Umepaonaje?"

"Pakubwa, shangazi."

"Sijakuuliza ukubwa."

Kumwambia mtu aliyevaa viatu vya sherehe kwamba hakusikia hata neno moja kulimshinda Jaji.

Baadaye alikwenda peke yake kwenye kile chuo kidogo. Hapakuwa na cha kupiga picha. Bati lilivuja, ndoo ikakinga maji katikati ya darasa, na hadubini nyingine zilikuwa za kutazamwa tu, si za kutazamia. Lakini mwalimu, mama mnene mwenye koti jeupe lililojaa madoa, alifundisha akizunguka kati ya meza. Alipopita kushoto kwa Jaji akaona kichwa kikigeuka. Akahamia kulia, bila kusema lolote, akaendelea na habari za chembe nyekundu za damu. Jaji alisikia kila neno, hata matone yaliyodondoka ndooni.

Jioni ile alimkuta baba akifagia nywele, wateja wameshaondoka.

"Baba, nakwenda chuo cha afya."

Ufagio ukasimama. "Hicho cha hapo jirani? Kuna mtu umempenda huko?"

"Sisikii, baba. Kule jijini nilikaa mpaka mwisho, sikusikia kitu."

"Si ungekaa mbele?"

"Mbele wanapagombania. Nigombane kila asubuhi?"

Baba akakaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa na hoja, wala hazikuwa za kipuuzi: shahada ni shahada, na watu kazini hupandishwa vyeo kwa hiyo. Kisha akatoa lililokuwa linamkereketa hasa. "Na hawa wa benchi nitawaambia nini?"

"Waambie nipo chuo."

Ndivyo alivyofanya. Alisema "chuo" akatulia. Aliyetaka kuongeza "kikuu" aliongeza mwenyewe. Lakini nyumbani alinuna wiki kadhaa. Siku ya safari alibeba sanduku la binti mpaka stendi. Kabla binti hajapanda basi, baba akamzunguka, akaja upande wa sikio zima. "Soma, mama," akasema, akaondoka.

Chuo hakikuwa asali. Mji ulipooza, na Jaji alizionea wivu picha za wenzake wa jijini. Hata hivyo alifaulu, akaajiriwa maabara ya hospitali ya wilaya. Baba hakukosea kuhusu vyeo: walioajiriwa baada yake, wenye shahada, walipanda yeye akibaki palepale. Alivumilia miaka, kisha akaomba nafasi kwenye chuo kikuu kilekile. Safari hii alikuwa mtu mzima. Aliingia ukumbini, akamgusa bega kijana wa safu ya mbele: "Samahani mdogo wangu, upande mmoja sisikii. Nipishe." Akapishwa. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, lakini msichana wa miaka kumi na tisa asingeweza kulisema.

Kibandani mzee mmoja akashangaa. "Si alishamaliza chuo kikuu huyu?"

"Alikipenda," kinyozi akajibu. "Anarudia."

Siku hizi Jaji ni msimamizi wa maabara. Ameolewa na fundi wa majokofu, na mtoto wao wa kwanza anakaribia kumaliza sekondari. Anasema hataki chuo, kikubwa wala kidogo, anataka kutengeneza majokofu na baba yake. Mazungumzo bado yanaendelea.