Niliyempa Lifti Cap Rouge

Nilimvunja mkono mwanaume mmoja kwa spana ya magurudumu, katikati ya barabara, mchana kweupe. Mfupa ulilia ka! kama kuni kavu.

Na nilifurahi. Sikudanganyi.

Naitwa Rhona MacAskill, mzaliwa wa Mabou, kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Kila Oktoba, watalii wakipungua na milima ikiwaka nyekundu, nachukua gari langu na kuizunguka pwani peke yangu. Mimi, bahari na chupa ya chai.

Siku hiyo nilisimama Cap Rouge, kwenye maegesho ya juu ya mwamba. Upepo unachapa balaa. Palikuwa na gari dogo jeupe, na nyuma yake pikapu imeegeshwa kimshazari, imeliziba lisitoke.

Nikajisemea, watu wengine bwana, kupaki tu shida. Nikaendelea na mkate wangu.

Mara mwanamke akachomoka kwenye misonobari. Kiatu mguu mmoja. Damu mpaka viwikoni.

"Dada, fungua! Fungua, ataniua!"

Nyuma yake jitu la miraba minne, ndevu nyekundu, linakuja mbio huku linanguruma.

Wewe ungefanyaje? Nilifungua. Tukatoka pale matairi yanalia.

"Nani yule?"

"Mume wangu," akasema, anahema. "Miaka yote ananipiga tu. Leo alitaka kunisukumia baharini."

Damu ilinichemka. Nina dada yangu aliyepitia hayo hayo, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Kutupa jicho kwenye kioo, pikapu hiyo hapo!

Barabara ya French Mountain inapanda kwa kona kali. Kushoto, ng'ambo ya ukingo wa chuma, ni bahari tu huko chini kabisa. Jamaa akanigonga nyuma, puu! Gari likayumba. Akanigonga tena. Kisha akanipita, akakata mbele yangu, akasimama.

Kimenuka.

Akashuka. "Mshushe! Mshushe huyo!"

Hakungoja jibu. Alipasua kioo cha upande wa mwenzangu kwa kiwiko, akamkamata nywele, akaanza kumvuta nje kupitia vipande vya kioo. Mwanamke anapiga mayowe, anamng'ata mkono.

Spana huwa naiweka chini ya kiti. Nikazunguka gari.

Pigo la kwanza, mkono. La pili, goti. Jitu likaenda chini kama gunia.

"Mmalize!" mwanamke akapiga kelele. "Mpe ya kichwa!"

Nikainua spana. Wallahi niliinua.

Lakini yule mwanaume hakunitukana. Alikuwa analia. Mtu mzima, kamasi kwenye ndevu.

"Muulize mama yuko wapi!" akasema. "Nakuomba, dada. Muulize mama yuko wapi!"

Nikashusha mkono. Nikaingia garini, nikapenya pembeni ya pikapu, nikamwacha pale kwenye lami. Simu nayo, kule mlimani, hakuna mtandao hata kidogo.

Tukafika juu. Mwanamke alikuwa anajifuta mikono kwenye kiti changu, taratibu, kama mtu anayemaliza kuosha vyombo.

"Mama gani anamsema?"

Akaendelea kujifuta.

Ndipo nikamtazama vizuri. Usoni alikuwa na mikwaruzo ya vioo tu. Mikononi, penye damu yote ile, ngozi nzima. Hakuna kidonda.

"Hiyo damu ya nani?"

"Endesha."

"Dada, nakuuliza..."

Kitu chenye ncha kikanigusa mbavu. Kisu cha kupasulia samaki.

"Nimesema endesha. Kijijini Pleasant Bay usisimame. Ukipunguza mwendo nakutoa matumbo."

Nikajua nimeyakanyaga.

Mimi nilikuwa nimefunga mkanda. Yeye hakufunga. Kulia kwetu kulikuwa na ukuta wa mawe, mlima umechongwa. Nikakanyaga mafuta, nikakata usukani.

Upande wake wote uliingia ukutani.

Kisu kilinichana paja. Kichwa chake kilipasua kioo cha mbele. Nikadhani amekufa, kumbe wapi! Nilipojikokota nje na spana yangu, naye akatoka kwa mlango wangu, akanirukia shingoni. Tukabiringika kwenye majani mabichi, ananing'ata sikio, mimi nampiga na paji la uso mpaka pua yake ikabonyea. Mwisho nikamkalia kifuani, spana shingoni.

"Mama yake yuko wapi?"

"Mama yetu," akanisahihisha. Akacheka, meno mekundu. "Yule kaka yangu, mjinga wewe."

Nikakandamiza spana. "Yuko wapi?"

"Chini. Pale pale uliponikuta. Kabibi kalikuwa kameshakufa."

Mafundi wa barabara walitukuta hivyo hivyo, nimemkalia. Wao walikuwa na redio, wakaita polisi na waokoaji.

Kisa chenyewe ni nyumba. Mwanamke yule, Noëlla, alirudi kutoka magharibi ya Kanada akitaka mama yake ahamie kwenye makao ya wazee, amwachie nyumba. Mama akagoma. Noëlla akampiga na chuma cha kuchochea moto, akambeba kwa gari mpaka Cap Rouge, akamsukumia chini ya mwamba. Kaka yake Lazare alikuta damu jikoni, akalifuata barabarani lile gari jeupe.

Na mimi nikamvunja mkono.

Jioni ile mama yao, bibi Zélie, alipatikana amenasa kwenye misonobari mifupi, nusu ya mwamba. Nyonga imevunjika. Anapumua.

Nilimtembelea hospitali nikichechemea. Lazare alikuwa kando ya kitanda, plasta mpaka begani. Alinisogezea kiti kwa mguu wake mzima.

Bibi alifumbua jicho moja. Lile lingine lilikuwa limeziba kwa uvimbe.

"Wewe ndiye uliyewavunja wanangu wote wawili kwa siku moja?"

"Ni mimi, bibi."

Akamnyooshea Lazare kidole.

"Huyu ulimwonea," akasema. Akageukia ukutani, machozi yakamshuka. "Na yule... pua yake mmeitibu?"

Nikamfuta machozi kwa kona ya shuka.

Ndugu msomaji, ukimwona mtu anakimbia, mfungulie mlango. Mimi bado nitafungua. Lakini ukishamfungulia, muulize ameacha nini nyuma. Muulize kabla hujashika spana.