Pikapu ya Kanakis Ikishuka kwa Gia ya Pili

Argyro alipika kwa masikio. Kila jioni, pikapu ya buluu ya mumewe ilipofika kona ya mtini kule juu, injini ilianza kuimba kwa sauti moja ndefu, kwa kuwa Kanakis alikuwa ameitia gia ya pili na kuiacha ishike mteremko wote, mguu wake mbali na breki. Akiisikia, Argyro alibandika sufuria. Konokono na viazi, au maharagwe na mboga za porini, chochote alichokuwa nacho kilikuwa tayari mlango ulipofunguliwa. Wake wengine pale kijijini walitazama saa. Yeye saa yake ilikuwa inanguruma.

Kanakis alikuwa mtu wa domo kubwa mkahawani na maneno machache nyumbani. Pikapu aliinunua mwaka aliobatizwa mwana wao wa pekee, Stelios, na akaipenda kuliko farasi aliyewahi kumpanda ujanani. Ilipandisha chumvi na maji kwenye malisho ya kiangazi, ikateremsha jibini, maziwa na kondoo wagonjwa. Argyro alizoea kukaa kando yake siku za soko, kikapu cha mayai mapajani, wasiongee neno mpaka mjini. Zile ndizo safari alizozikumbuka baadaye kuliko hata harusi yake.

Lakini injini za petroli nazo huzeeka. Ile ilianza kutoa moshi, ikaingiwa na tabia ya kunywa oili kuliko petroli, na mwishoni mwa majira ya baridi ikafa katikati ya njia ikiwa imebeba wana-kondoo. Ilivutwa na punda wa jirani, tena kwa kupitishwa mbele ya mkahawa saa ambayo wanaume wote walikuwa barazani. Wakamuuliza Kanakis kama ndiyo injini mpya aliyoagiza, yenye nguvu ya punda mmoja. Alicheka nao, ila masikio yalikuwa yamemwiva.

Stelios, aliyekuwa karani bandarini Irakleio, alipiga simu jioni ile ile kana kwamba punda ndiye aliyempelekea habari. Akamwambia baba yake auze kondoo, wahamie mjini kwake, nyumba ina lifti na dirisha linatazama bahari. Kanakis alikata simu. Alirudi mkahawani, akajimiminia raki, ile pombe kali ya zabibu, akatangaza mbele ya watu kwamba siku ya Nabii Eliya, sikukuu ya kiangazi, gari lile lingepandisha padri, mikate ya baraka na wanaume wote wa pale hadi kanisa la kileleni. Likishindwa, kondoo anauza, naye anakwenda kuishi ndani ya lifti.

Argyro alizipata habari hizo kwa jirani, dirishani, kabla mumewe hajafika nyumbani. Alikasirika sana. Maisha yake mwenyewe, bustani yake, kaburi la mama yake, vyote vimewekwa rehani juu ya pikapu mbovu, na hakuna aliyemuuliza. Usingizi ulimpaa. Kijiji kile hakikuwa kizuri sana, lakini alijua kila sauti yake, na mjini angekuwa kiziwi.

Kazi ilimwangukia Manousos fundi, baba wa ubatizo wa Stelios, ndiyo maana yeye na Kanakis waliitana kumbaro. Manousos alikuwa na injini ya dizeli aliyoichomoa kwenye gari kuukuu la mikate. Ilikuwa nzito hata pikapu ikainamisha pua kama ng'ombe anayekunywa, ikabidi springi za mbele ziongezewe vyuma. Ilipowaka mara ya kwanza kuku wa Argyro waliacha kutaga. Wakaipeleka barabarani, wakakuta inavuta kwa nguvu za ajabu lakini haiendi. Ilipiga kelele utadhani inachinjwa, na mwendo ni wa mtu anayesindikiza jeneza.

Manousos akamweleza kumbaro wake kwenye meza ya Argyro, mdomo umejaa jibini. Injini ya petroli ni mtu mwepesi anayekimbia, hupata nguvu zake kwa mizunguko mingi. Dizeli ni mbeba magunia, ana nguvu tangu hatua ya kwanza, lakini humkimbizi. Sasa difu la nyuma, lile lenye meno yanayogawa mizunguko kwa magurudumu, lilikuwa limepimwa kwa hatua fupi fupi za petroli. Mbeba magunia akipiga hatua fupi hafiki. Dawa ni difu la lile gari la mikate, lenye hatua ndefu.

"Na mlima je?" Kanakis akauliza.

"Mlima utapanda. Utalalamika kidogo, lakini nguvu zipo za kumwaga."

"Basi tia. Ugomvi wangu ni na mlima tu."

Hakuna aliyeuliza jambo jingine. Wanaume wa milima ile huyasifu magari kwa kupanda, na hakuna aliyewahi kujisifu mkahawani jinsi alivyoshuka. Argyro, aliyekuwa akikata mkate, hakuuliza pia, na baadaye alijilaumu kwa hilo, kwani kati yao wote ni yeye aliyekuwa akisikiliza mteremko kila siku.

Siku ya Nabii Eliya pikapu ilipanda. Padri Zacharias alikaa mbele na mikate yake, wanaume walijaa nyuma mpaka bodi ikakaribia kugusa tairi, na injini ya mikate ikawapandisha wote polepole bila kuzima hata mara moja. Vijana waliotangulia kwa miguu walifyatua bunduki hewani kwa shangwe. Kanakis alishuka akilia waziwazi. Argyro, aliyepanda alfajiri pamoja na wanawake, alimfuta uso kwa kitambaa chake, na hasira ya miezi yote ile ikamwisha palepale. Kondoo wamebaki. Nyumba imebaki.

Kurudi, padri alichagua kutembea na wanawake, Argyro akapata kiti chake cha zamani. Wanaume walikuwa nyuma, wamekula na kunywa, wanaimba. Kanakis alitia gia ya pili kama miaka yote, akaachia breki.

Injini haikuimba. Ilinung'unika chini chini, na gari likazidi kuharakisha, kwa maana kwa difu la hatua ndefu injini haishiki gari mteremkoni. Kanakis akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Harufu ya breki ikaanza kuingia ndani. Kona ya mtini ilikuwa bado chini yao, na ng'ambo ya kona ile ni bonde. Argyro aliona mkono wa mumewe ukienda kwenye gia ya kwanza, akajua kwamba gari likiwa katika mwendo ule haitaingia, na kwamba akikanyaga klachi kuijaribu, hata kile kidogo kilichokuwa kikiwashika kitaachia.

"Usiguse gia," akamwambia. "Simama sasa hivi, breki zingali zinashika."

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi na wanaume walisikia. Kwao, mke hamwelekezi mume usukani, tena siku ya ushindi wake. Kanakis alimtazama mara moja, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likaburuzika, likatoa moshi, likasimama ubavuni mwa ukuta wa mawe. Nyuma wimbo ulikatika. Kisha mmoja akasema anateremka kunusa maua ya mlimani, na ghafla wote wakawa na hamu ya maua. Walitembea hadi kijijini. Kanakis alitia gia ya kwanza gari likiwa limesimama, wakashuka wawili tu, taratibu, kimya kama siku za soko.

Kesho yake alimwambia Manousos arudishe difu la zamani.

"Kumbaro, utapitwa na baiskeli."

"Nipitwe. Huyu bibi anataka kusikia nikishuka."

Akapitwa, kweli, miaka yote iliyobaki. Kwenye barabara ya mjini mabasi yalimpigia honi, watoto walimpungia, na Argyro kando yake alipata nafasi ya kuhesabu mizeituni ya kila mtu. Jioni dizeli ilishuka kwa gia ya pili ikiimba kwa sauti nzito kuliko ya petroli, na sufuria ikabandikwa.

Kanakis alifia kitandani mwake, majira ya mvua. Kondoo wachache waliobaki walichungwa na jirani, mpaka kiangazi cha tatu jirani aliposema magoti yamekataa. Stelios akaja kwa sikukuu ya Nabii Eliya. Mama na mwana walikubaliana, bila ya kutazamana, kwamba baada ya sikukuu kondoo watauzwa na Argyro atakwenda mjini. Asubuhi iliyofuata Stelios akasema anataka tu kuona kama pikapu itawaka, akapanda nayo zizini peke yake.

Jioni Argyro alikuwa akikunja nguo za safari aliposikia kona ya mtini. Injini iliimba. Mkono wake ulikuwa umeshabandika sufuria na kushusha sahani mbili alipokumbuka kwamba mwenye sauti ile hayupo. Akakaa chini akalia, mwiko mkononi, huku akisikiliza.

Stelios aliingia akinuka kondoo, shati limechanika begani.

"Umebadilisha gia pale kisimani," mama yake akasema. "Baba yako hakuigusa mpaka mlangoni."

Stelios alizitazama zile nguo juu ya kiti, kisha sahani mbili. Akazihamisha nguo, akakaa.

"Kesho sitaigusa," akasema.