Niliombea muziki wa mkwe wangu uondoke, kumbe mchana nausikiliza mimi

Naanza na kosa lenyewe ili usinihurumie bure. Niliwasimamisha wamama wa kanisa wakemee muziki wa mkwe wangu, na mimi mwenyewe nilikuwa nausikiliza kila siku. Mimi, nyanya wa wajukuu tisa!

Nilikuja Doha kulea. Binti yangu ni nesi, mumewe anatengeneza kompyuta za ofisi, tunakaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya nne. Shule niliachia darasa la tatu, lakini mtoto niliyemshika mimi ananenepa. Muulize yeyote.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu Bungoma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Kwa nyumba ya vyumba viwili hiyo ni kazi! Akiingia sebuleni, mimi natoka. Nikitaka chumvi namwambia mjukuu wangu Neema, mwambie baba alete chumvi. Neema ana miezi saba. Chumvi inakuja.

Basi siku moja mkwe akaletewa sanduku. Jeusi, zito kama debe la mahindi, limeandikwa herufi zenye makali kama panga. Ndani kuna santuri za bendi moja ya Wajerumani, zote walizowahi kutoa tangu wakiwa vijana. Binti aliniambia mumewe alilitamani tangu akiwa chuo.

Akaweka ya kwanza kwenye gramafoni yake. Ndugu yangu, nilidhani kabati limeanguka! Nikamwita binti jikoni, nikamwambia siwezi kulea mtoto kwenye nyumba ya mapepo. Yeye akampelekea mumewe maneno. Mkwe hakubisha hata kidogo. Alizima, akalifunika sanduku kwa kitambaa, kwa heshima yangu.

Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya ibada, nikasimama kanisani Mesaimeer kushuhudia. Wamama wakapiga vigelegele. Wakaanza kuniita mama wa maombi, na mimi nikavimba kichwa.

Wiki iliyofuata, wenyewe wakiwa kazini, nikasema acha nimwone huyo shetani anafananaje. Nikafunua. Nikakuta kitabu cha picha. Mwanzo ni vijana wenye nywele za kufika kiunoni, vifua wazi. Unafungua, unafungua, mwisho ni wazee rika langu kabisa, ngozi ya shingo imelegea, na suruali bado zinabana! Nikacheka peke yangu. Nikasema hawa watu hawakukubali kukaa chini.

Gramafoni naijua, duka la baba lilikuwa nayo. Nikashusha sindano.

Sitakudanganya tena. Gitaa lilinishika kiuno. Nilipiga pasi nguo zote, nikaosha na madirisha ambayo hakuna aliyeniambia nioshe. Kuna wimbo mmoja wa polepole, mwanamume analia kama aliyefiwa na ng'ombe wa mwisho. Ule niliurudia mpaka Neema akasinzia. Ikawa ndiyo kazi yetu kila siku mpaka saa nane, halafu kitambaa kinarudi juu, na nyanya anashika Biblia.

Ijumaa naendelea kushuhudia.

Kisha binti akaniambia jioni moja kwamba mumewe ameamua kumpa sanduku Mfilipino wa kazini kwake, anayerudi kwao moja kwa moja siku ya Alhamisi. Kisa ni mimi. Mkwe alisema hataki mama alale na kitu kinachomsumbua roho.

Hapo ndipo ningefungua mdomo. Lakini nikawaza wamama wa Mesaimeer watasemaje, na jina langu je?

Nikasema, "Mungu asifiwe."

Sanduku likaenda. Jumamosi nilikuwa nasukuma chapati, nikijua niko peke yangu na mtoto. Nikasikia kikohozi mlangoni. Mkwe alikuwa amesimama, amenipa mgongo vile inavyotakiwa.

"Neema," akasema, "muulize nyanya huo wimbo anaoimba ameutoa wapi. Huo haupigwi redioni. Uko santuri ya mwisho, upande wa pili."

Niliweka chini mti wa kusukumia chapati. Kukana sikuweza. Nilikuwa nimeuimba wote, hadi na gitaa lake, kwa mdomo.

"Neema, mwambie baba kwamba nyanya ni mwongo."

Halafu akasema, "Muulize kama ulikuwa mzuri."

"Mwambie ulikuwa mzuri sana."

Mabega yake yakatikisika. Kama alicheka au alilia sijui, na mila hainiruhusu kuangalia. Akatoka. Mfilipino ameshafika kwao, na kitu ulichompa mtu kwa mkono wako huendi kukiomba.

Sasa nyumba imetulia kama nilivyotaka. Mchana nasikia eisii, ile mashine ya ubaridi, ikinguruma, basi. Tungekaa vizuri tu tukiusikiliza muziki wake, yeye sebuleni, mimi jikoni, mlango wazi, bila kutazamana. Na wamama bado wananiletea majina ya wakwe zao niwaombee! Kama mnasoma hapa, niacheni.

Wewe nyanya mwenzangu unayefunga mizigo kuja huku kulea, sikia. Ukikuta kwa mkwe kitu usichokielewa, kaa nacho wiki mbili kabla hujakipeleka kanisani. Na kikikupendeza, sema siku hiyohiyo, hata kama wa kumtuma ni mtoto asiye na jino.