Mjaribu Viti wa Keko

Kiharusi ni upepo. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi, tena nikiwa na cheti cha masomo ya jioni kimetundikwa ukutani juu ya kitanda changu. Upepo huo, walisema watu wa Keko, hutokea upande wa bandari, hupita mitaani ukinusanusa, na ukimkuta mtu mwepesi humbeba mzimamzima, akawa marehemu kabla hajafika chini. Mtu mzito haumuwezi. Humkwaruza tu upande mmoja, ukaacha mkono na mguu vimelala, kisha huondoka kwa hasira kutafuta mwingine.

Mimi nilikwaruzwa. Sasa ningeachaje kuamini?

Siku ile nilikuwa napiga randa ubao wa mninga kwenye karakana yetu ya ushirika. Randa ikanitoka mkononi, nikaishangaa, nikainama kuiokota, nikaifuata chini. Wakati ule nilikuwa seremala mnene kuliko wote kutoka Keko mpaka Pugu. Nikipanda treni, reli inainama. Mafundi wenzangu walinipakia juu ya kitanda cha bwana harusi mmoja, kitanda ambacho hata vanishi kilikuwa bado, wakanibeba mabegani mpaka hospitali. Nasikia nusu ya Keko ilipokezana njiani, na bwana harusi alipokuja kuchukua kitanda chake akaelekezwa wodini.

Hospitali wakaniambia jambo jingine ambalo sikulijua: nilikuwa na kisukari, na si cha jana. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari, watu wanapanga mawe tangu alfajiri kushika nafasi. Fundi mmoja alikuja kuniona, akasimama miguuni mwa kitanda akatikisa kichwa.

"Nchi nzima inatafuta sukari," alisema, "kumbe wewe umeificha yote humo ndani!"

Nilicheka kwa nusu ya mdomo, maana nusu nyingine ilikuwa haicheki tena.

Nilirudi nyumbani na fimbo. Nyumbani ni kusema tu. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mabinti zetu wameolewa mbali, mmoja Tabora, mwingine Songea. Nilibaki na chumba kimoja na sufuria ya watu wanne. Sikuwahi kuibadilisha. Nilisonga ugali wa watu wanne kwa mkono wa kushoto, nikaketi mkekani, nikaumaliza wote peke yangu mpaka ukoko, nikijiambia kwamba nazuia upepo. Majirani wa uani waliponiona wakasema, "Umenawiri, baba," kisha kila mmoja akaingia kwake. Nilikuwa nasikia vijiko vyao kupitia ukutani.

Mkono wa kulia haukushika patasi tena. Nilifikiri habari yangu na karakana imekwisha, lakini fundi mkuu wetu, Mmakonde asiyependa maneno mengi, alipita nyumbani na kusema, "Mzee, njoo ukae."

"Nikae wapi?"

"Kwenye viti."

Ndivyo nilivyopata cheo ambacho sijakisikia mahali pengine: mjaribu viti. Mteja akija, kiti kinawekwa kando ya barabara, fundi mkuu ananiita, nami najiachia juu yake kwa uzito wote niliojaliwa. Nikishaketi, nachezacheza kidogo. Kiti kikinyamaza, fundi anamgeukia mteja: "Kimemstahimili huyu. Wewe na mkeo mtakifanya nini?" Watu wanacheka, wanapatana bei. Meza zetu zilisifika, vitanda vyetu vilisifika, lakini viti vyetu, wallahi, viliombwa mpaka Zanzibar, na nilikuwa na hakika ni kwa sababu ya makalio yangu.

Jioni viti vinapakiwa kwenye mkokoteni. Kila kimoja nilikuwa nimekikalia, na kila kimoja kilikuwa kinakwenda kwenye nyumba yenye watu. Nilikuwaga naufuata mkokoteni kwa macho mpaka kona, halafu nachukua fimbo yangu.

Kisha nikaanza kupungua.

Mwanzoni ni suruali tu, nikakaza mkanda. Halafu kiu. Nilikunywa mtungi, nikakojoa mtungi na nusu. Choo cha uani kikawa kama ofisi yangu. Nikaamua kwamba kinachonikondesha ni vidonge vya hospitali, nikaviacha. Nikaongeza ugali. Nikipata sukari kidogo kwa kubahatisha, naitia yote kwenye kikombe kimoja cha chai, nanywa nikijisikia mzito. Lakini asubuhi suruali imelegea tena. Mama mwenye nyumba akanitazama nikipita na kopo la maji.

"Baba, mbona unaisha?"

"Nimepunguza tu, mama."

"Umepunguza nini? Unakula kama harusi."

Sikuogopa sana kufa. Niliogopa kuambiwa nibaki nyumbani. Kiti kisipousikia uzito wangu, nilijiambia, fundi mkuu hana la kunifanyia. Na nikibaki kule chumbani, mwepesi, mlango umefungwa, upepo ukija utanibeba na majirani watajua kwa harufu.

Siku moja akaja mama mmoja wa Chang'ombe na mumewe, wanataka viti vya sebuleni. Nikaitwa, nikaketi, nikachezacheza. Yule mama akaweka mikono kiunoni.

"Fundi, huyu ndiye mzito wenu? Huyu hata jogoo wangu anamzidi! Niletee mtu, nisije nikauziwa kiti cha ndege."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ukicheka kuliko wote hakuna anayekutazama usoni. Kesho yake nilivaa koti langu la harusi, lile zito, na mifukoni nikajaza misumari ya inchi sita, bawaba, kitasa kibovu na kipande cha reli tulichokuwa tukinyooshea misumari iliyopinda. Niliketi kwa kishindo mpaka kuku wakaruka. Mafundi wakarudi kwenye randa zao. Nikaona nimewaweza.

Nilivaa koti lile kila siku, jua la Temeke likiniunguza, mabega yakiuma, mguu ule mbovu ukiburuta mchanga. Mpaka jioni moja fundi mkuu akaja akasimama mbele yangu akijifuta vumbi la mbao.

"Kesho huji hapa," alisema. "Kesho unakwenda kliniki."

Basi, nikajua nimeachishwa kwa adabu.

Asubuhi nilikwenda hospitali ileile, upande wa kliniki, na koti langu. Sikuona sababu ya kulivua. Kama ni siku ya mwisho ya kuwa mzito, acha nipimwe nikiwa mzito. Foleni ilikuwa ndefu, benchi limejaa. Muuguzi alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Vua koti, upande kwenye mizani."

"Nina baridi."

"Dar es Salaam hii?"

Akalishika koti begani kunisaidia, nalo likamvuta nusura apige magoti. Mfuko ukachanika. Misumari ikamwagika sakafuni ikaserereka mpaka miguuni mwa watu, na kile kipande cha reli kikagonga simenti kama kengele ya kanisani.

"Mzee kaja kutuwekea paa!" mmoja akapaza sauti kutoka kwenye benchi, na kicheko kikajaa chumba. Safari hii sikuweza kucheka nao. Muuguzi hakucheka pia. Alinipandisha kwenye mizani hivyohivyo, shati likining'inia mwilini, akaisoma, akanipa chupa ya mkojo. Alipouchemsha na ile dawa yao ya buluu ya kupimia sukari, rangi iligeuka ikawa ya vanishi ya mninga kabisa. Ningeweza kuupaka kwenye kabati.

Akavuta stuli akaketi karibu yangu. "Haya, niambie. Misumari ya nini?"

Nikamwambia yote. Upepo wa bandarini, watu wepesi na watu wazito, viti, jogoo wa yule mama. Nilimweleza kwa ufasaha wa mtu aliyesoma jioni baada ya kazi, nikamalizia kwamba uzito ndio ulioniokoa mara ya kwanza, na sasa sina wa kuniokoa mara ya pili. Aliniacha nikafika mwisho.

"Siku ile ulipoanguka," akauliza, "nani alikuleta hapa?"

"Mafundi wenzangu. Kwa kitanda."

"Na leo nani amekwambia uje?"

"Fundi mkuu."

"Je, yupo hapa?"

Nikageuza shingo. Nje ya dirisha, kwenye kivuli cha ukuta, fundi mkuu alikuwa amechuchumaa na vumbi lake la mbao nyweleni, anasubiri. Sikuwa nimemwona akinifuata.

Muuguzi akaanza kuokota misumari, mmojammoja, akiniwekea kiganjani, kwenye mkono ule wa kushoto.

"Hakuna upepo, baba," alisema. "Ni mshipa wa damu kichwani, uliziba. Unene ule na sukari ile ndivyo vilivyosaidia kuuziba. Na huku kukonda kwa sasa si vidonge vinavyokukondesha, ni kwamba umeviacha; chakula chako chote kinatoka na mkojo, na mwili unajila wenyewe. Sikutaki mnene kama zamani, wala sikutaki hivi ulivyo. Meza dawa, kula kidogo, tembea, urudi nikupime. Uzito haukukuokoa siku ile. Waliokuokoa ni waliokubeba, na uzito wako ulikuwa unawachelewesha tu."