Mlangilangi wa Uani kwa Bibi

Juzi nilialikwa harusini Temeke. Mlangoni binti mmoja akanibandika kikuba kifuani, kishada cha asumini na mlangilangi. Harufu ile ilinirudisha uani kwa bibi, nikaona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Mlangilangi wa bibi ulikuwa nyuma, ndani ya ua wa makuti, na enzi hizo haukuwa umerefuka kiasi cha kuonekana njiani. Aliumwagilia maji ya kuoshea mchele, na mbebaji nilikuwa mimi. Kila Alhamisi jirani, shoga yake wa miaka mingi, alikuja kuchuma maua. Walikaa mkekani wakifunga vikuba, wakitafuna kashata na kuusengenya mtaa mzima.

Wakati ule kila nyumba ilihimizwa kulima chakula. Asubuhi moja balozi wa nyumba kumi akaingia moja kwa moja mpaka uani.

"Shikamoo, bi mkubwa. Nasikia una mti wa maua tu. Maua hatuli. Hapa panataka mihogo."

Mti ukakatwa. Bibi hakulia. Alikaa kibarazani siku nzima, kisha akaniambia, "Nani kampelekea maneno? Anayepajua uani kwangu ni mmoja tu."

Alhamisi hiyo alifunga mlango wa uani kwa komeo. Jirani akicheka kwake, bibi alisema anatucheka sisi. Akinyamaza, basi anapanga jambo.

Mvua zilipokatika tulikuta mlangoni kopo lenye mche wa mlangilangi. Jirani alikuwa ameotesha mbegu za mti uleule. Bibi aliupekua udongo kwa kijiti akitafuta hirizi, hakuona kitu, ndiyo kwanza akazidi kushuku. Akanituma nikautupe jalalani. Nilipita nao mbele ya dirisha la jirani, naye akaniona.

Sasa nikwambie nilichoficha. Mwalimu alituuliza darasani nyumbani tumepanda nini. Wenzangu wakataja mchicha na viazi. Mimi kwa kujidai nikasimama nikasema sisi hatuna hata shina la muhogo, tuna mlangilangi unaonukia kuliko yote Temeke. Mwalimu aliandika daftarini. Kesho yake balozi akaja.

Niliogopa fimbo, nikanyamaza, halafu nikazoea. Jirani akahamia Manzese, bibi hakutoka kumuaga. Mihogo yenyewe ilitoka michungu.

Leo pale uani pamejengwa maduka. Hata katika ugonjwa wake wa mwisho bibi alimtaja yule shoga yake: "Yule mwanamke aliniuza." Nami, mtu mzima mwenye watoto, nilimfunika shuka vizuri nikaitikia, "Ndiyo, bibi."