Sanamu ya mbegu ilivyotaka kuninyima mke hapa Kisangani

Wakuu, heshima kwenu. Niko Kisangani, Kongo, nachora mabango pale Kabondo. Haya yamenitokea mwenyewe, na aibu yake bado haijanitoka mwilini.

Group moja ya usafi walitaka sanamu ya ndege mkubwa kwenye kibustani cha Makiso, karibu na bandari.

Masharti: iwe ya mbegu, ndege wa kweli waile mpaka iishe, na isiwadhuru. Hakuna gundi, rangi, msumari wala chumvi.

Nikakubali hapohapo. Sababu ni Mado.

Mado ni mchumba wangu. Baba yake, Papa Anselme, ni shemasi, anahubiri dhidi ya pombe mpaka mate yanaruka. Kwake mchoraji ni mtu asiye na kazi. Alisema atakuja kwenye uzinduzi, na akikuta upuuzi, familia yangu isihangaike kuleta posa.

Yaani ndoa yangu ilikuwa inamtegemea huyo ndege.

Sasa ufundi. Mifupa yake nilisuka kwa mianzi na kamba za mgomba. Mahindi nikayaloweka yalainike, nikayaacha kwenye gunia, nikayasahau. Yakaanza kuota. Nikasema ah, ndege hawachagui.

Nikayatwanga, nikachanganya na uji mzito wa muhogo badala ya gundi, nikafinyanga. Mabawa nikayapamba kwa ufuta na mpunga. Alipendeza jamani, msinibishie!

Mvua ya huku haina adabu. Nikamfunika na bâche, yaani turubai, nikafunga kila upande, akakaa hivyo siku nne za jua kali.

Wenyeji wa huku najua mmeshaanza kucheka. Mahindi yaliyoota, muhogo, joto, na umefunika. Hivyo ndivyo watu wanavyoanza kutengeneza lotoko, pombe yetu kali ya kienyeji. Mimi sinywi, ningejuaje?

Siku ikafika. Watu wamejaa, Papa Anselme na kwaya yake mbele kabisa. Nikavuta bâche kwa mbwembwe zote.

Ndege alikuwa amevimba tumbo kama mjamzito. Mkiani anadondosha maji. Harufu ilivyotoka, wale wa toleka waliokuwa wanapitisha abiria kwa baiskeli wakafunga breki wote.

Mado akaficha uso. Nilijua nimemkosa, na niliumia kweli.

Papa Anselme akasogea. Akanusa. Akachovya kidole pale mkiani, akalamba.

Kisha akatikisa kichwa.

"Bon, ulifungula mbio sana. Hii iko bado siku mbili. Na mahindi ulitia kidogo."

Mkewe, Mama Régine, akageuka polepole. "Anselme. Na weye unajua namna gani?"

"Iko ya zamani, mama. Mbele ya wokovu."

"Wokovu gani? Weye ulizaliwa mu kanisa!"

Kwaya nzima ikaangalia chini. Mabega yanatikisika.

Papa Anselme akanigeukia haraka, jasho linamtoka. "Mutoto yangu, siku ya samedi familia yako ikuye na posa. Tutaongea."

Yule ndege nilimbomoa na kumfukia siku hiyohiyo, maana pombe kwa ndege wadogo ni sumu. Nikatengeneza mwingine kwa mbegu kavu, tabaka jembamba, nikamkausha juani bila kumfunika. Ndege walimmaliza kwa siku tatu, ikabaki mianzi. Nilikaa pale nawaangalia nikicheka peke yangu.

Funzo: ukitaka kulisha ndege, usiloweke na usifunike. Na kabla ya kuchanganya vitu, uliza wanaojua, hata kama wanajificha.

Posa imepokelewa. Ila Mama Régine naye ameleta sharti lake: nisimwache mumewe peke yake na sanamu yoyote.

Wakuu, mliowahi kupewa mkwe wa kulinda, mnafanyaje? Semeni, na mnaocheka tu nawaona.